Ukimwamkia Mmoja, Mwingine Anasikia: Marekani na washirika wake katika mwaka wa hotuba ya Cairo

Ndugu zangu, tuanze na ratiba ya safari, maana kwa wanadiplomasia ratiba nayo ni kauli. Juni 3, 2009 Rais Barack Obama alitua Riyadh, akaonana na Mfalme Abdullah. Kesho yake alikuwa Chuo Kikuu cha Cairo, akazungumza na ulimwengu wa Kiislamu kwa takriban saa nzima, wenyeji wakiwa chuo hicho pamoja na Al-Azhar. Juni 5 alikuwa Buchenwald, Ujerumani, penye kambi ya mateso ya Wanazi. Juni 6 alikuwa Normandy. Kutoka Cairo hadi Tel Aviv ni kama kilomita 400 tu. Hakupita.

Wengi hudhani Israel ilikasirika kwa sababu rais alitoa salamu ya "assalaamu alaykum", au kwa sababu alitaja ukoo wa baba yake nchini Kenya wenye vizazi vya Waislamu. Sikubaliani nao. Ugomvi ule ulikaa kwenye makaratasi: kuna mambo yaliyokuwa yamesemwa kwa mdomo bila kuandikwa, na kuna maneno yaliyoandikwa yakabeba maana mbili. Ndiyo maana nataka tuyasome maneno yenyewe.

Kabla ya hapo, turudi nyuma miezi miwili, Ulaya. NATO haipigi kura. Katibu Mkuu wake hupatikana kwa maafikiano ya wanachama wote, na wakati ule walikuwa 28, Albania na Croatia zikiwa zimeingia Aprili 1. Mmoja akitia ngumu, shughuli imekwama. Katika mkutano wa Strasbourg na Kehl, Aprili 3 na 4, jina lililokuwa mezani ni la Anders Fogh Rasmussen, Waziri Mkuu wa Denmark. Uturuki ikatia ngumu. Rasmussen ndiye aliyekuwa madarakani gazeti la Jyllands-Posten lilipochapisha katuni 12 kuhusu Mtume Muhammad, Septemba 30, 2005, na mabalozi 11 kutoka nchi za Kiislamu walipoomba kuonana naye hakuwapokea. Ankara ilikuwa na dai jingine pia: Roj TV, kituo cha Wakurdi kilichorusha matangazo kwa leseni ya Denmark, ambacho Uturuki ilikiona msemaji wa waasi wa Kikurdi.

Obama alikaa katikati yao, Uturuki ikalegeza, na Rasmussen akashika kazi Agosti 1. Lakini tazameni siku zilizofuata. Aprili 5, akiwa Prague, Obama aliwaambia viongozi wa Umoja wa Ulaya kwamba kuipokea Uturuki kungekuwa ishara njema kwa Waislamu duniani. Siku hiyohiyo Rais Nicolas Sarkozy akamjibu hadharani: nani aingie Umoja wa Ulaya ni shauri la nchi wanachama. Aprili 6 Obama akalihutubia Bunge la Uturuki, akasema Marekani haipigani na Uislamu na haitapigana nao kamwe. Hotuba ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba uanachama wa Umoja wa Ulaya haukuwa mali ya Marekani hata iutoe. Obama alikuwa anaahidi zawadi iliyofungiwa sandukuni mwa mwenzake.

Cairo ilikuwa vivyo hivyo, ila sanduku lilikuwa la Israel.

Katika hotuba ile rais alisema uhusiano wa nchi yake na Israel hauvunjiki, na akawakemea wanaokana mauaji ya Wayahudi. Kisha ikaja sentensi iliyozua yote: Marekani haikubali uhalali wa "kuendelea" kwa makazi ya walowezi wa Kiisraeli, yaani miji na vijiji vya Waisraeli kwenye ardhi iliyotekwa mwaka 1967. Kiswahili kingemlazimisha mwandishi achague: kuendelea kujengwa, au kuendelea kuwapo? Kiingereza chake hakikumlazimisha. Sentensi iliyofuata ilitaja ujenzi, kwa hiyo maana ya kwanza ndiyo yenye uzito. Hata hivyo, mlowezi aliyekwisha kujenga nyumba yake Ukingo wa Magharibi angeweza kusikia kwamba hata paa lililo juu ya kichwa chake limekataliwa. Anayeandika hotuba ya namna hii hana budi kuisoma kila sentensi kwa sikio la yule asiyekuwapo ukumbini.

Sasa makaratasi. Mpango wa Ramani ya Amani wa Aprili 30, 2003, wa kumaliza mgogoro wa Israel na Wapalestina, uliitaka Israel, katika hatua ya kwanza kabisa, isitishe ujenzi wote wa makazi hayo, pamoja na ule unaoitwa wa ongezeko la asili, yaani vyumba na nyumba za watoto waliokua na familia zilizopanuka. Aprili 14, 2004 Rais George W. Bush alimwandikia Ariel Sharon, Waziri Mkuu wa Israel wakati huo, barua: kwa hali ilivyo sasa, si jambo la kutarajia kwamba mazungumzo ya mwisho yatairudisha Israel kikamilifu kwenye mistari ya kusitisha vita ya mwaka 1949. Juu ya barua hiyo, maofisa wa Israel walisisitiza kwamba kulikuwa na maelewano ya mdomo: kujenga ndani ya eneo lililokwisha kujengwa si kosa. Serikali mpya ya Washington ikapekua kumbukumbu, ikasema maelewano hayo hayamo kwenye rekodi rasmi. Baadhi ya waliomtumikia Bush wakasema yalikuwepo.

Hapo ndipo urafiki ulipochubuka. Mei 27, wiki moja kabla ya Cairo, Waziri wa Mambo ya Nje Hillary Clinton alikuwa ameshasema hadharani kwamba rais anataka ujenzi usimame wote, bila kisingizio cha ongezeko la asili. Israel ikaona inadaiwa deni ililokwisha kusamehewa. Marekani ikaona inaulizwa risiti isiyokuwepo. Kila upande uliamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye aliyegeuka. Makubaliano ya mdomo kati ya serikali hudumu kadiri walioyatamka wanavyodumu ofisini.

Madhara hayakuishia Yerusalemu. Mahmoud Abbas, Rais wa Mamlaka ya Palestina, asingeweza kudai pungufu ya alichodai rais wa Marekani. Watu wake wangemuuliza kwa nini. Akakataa kurudi kwenye meza ya mazungumzo na Israel mpaka ujenzi usimame wote. Mjumbe maalumu wa Obama, George Mitchell, alikuwa akiziomba nchi za Kiarabu zitoe ishara ndogondogo za nia njema kwa Israel, lakini mwishoni mwa Julai Saud al-Faisal, Waziri wa Mambo ya Nje wa Saudi Arabia, akiwa Washington kwenyewe, akakataa waziwazi njia ya hatua ndogondogo. Novemba 25 Benjamin Netanyahu, Waziri Mkuu wa Israel, alitangaza kusitisha ujenzi kwa miezi 10. Yerusalemu Mashariki haikuhusika, wala nyumba kama 3,000 zilizokwisha kuanza, wala shule na masinagogi. Kwa waziri mkuu wa serikali ya muungano kama ile ilikuwa hatua nzito. Kwa Abbas haikufikia kipimo cha Cairo.

Siku ninayotaka muitazame kwa karibu ni Machi 9, 2010. Makamu wa Rais Joe Biden yuko Yerusalemu, amekuja kutuliza. Kamati ya mipango ya wilaya, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ikaupitisha mpango wa nyumba 1,600 Ramat Shlomo, Yerusalemu Mashariki. Muelewe mpango kama ule hupitia wapi: hutangazwa ili wenye pingamizi walete, pingamizi husikilizwa, mpango huidhinishwa, zabuni hufuata, ndipo katapila linapoingia. Ni kazi ya miaka. Ofisini ilikuwa karatasi ya kawaida, na Netanyahu alisema hakujua kwamba ingetoka siku hiyo. Kwa mgeni ilikuwa kofi.

Jioni Biden alitarajiwa kwenye chakula nyumbani kwa waziri mkuu. Alichelewa takriban saa moja na nusu, muda ambao tamko lilikuwa likiandikwa. Washirika wanapokwaruzana wana ngazi yao ya maneno: "tunasikitika", kisha "tuna wasiwasi", kisha "tunapinga". Biden aliruka ngazi, akaandika "nalaani". Neno hilo kwa kawaida huelekezwa kwa hasimu. Siku tatu baadaye Clinton alizungumza na Netanyahu kwenye simu kwa zaidi ya dakika 40, na Machi 23 Netanyahu aliingia na kutoka Ikulu ya Marekani bila picha moja ya wapiga picha wa habari na bila tamko la pamoja.

Hata hivyo msisome nyakati hizo kana kwamba ushirika ulikatika. Mkataba wa msaada wa kijeshi wa dola bilioni 30 kwa miaka 10, uliotiwa saini 2007, uliendelea kutekelezwa. Februari 18, 2011 azimio la kuyalaani makazi ya walowezi lilipofika Baraza la Usalama, nchi 14 ziliunga mkono na Marekani ikapiga kura ya turufu, ingawa yaliyoandikwa mle yalikaribiana sana na msimamo wake yenyewe. Machi 22, 2013, mwishoni mwa ziara ambayo hatimaye Obama aliifanya Israel, ilikuwa uwanja wa ndege wa Tel Aviv, dakika za mwisho kabla ya kuondoka, ndipo Netanyahu alipompigia simu Recep Tayyip Erdogan, Waziri Mkuu wa Uturuki wakati huo, kuomba radhi kwa raia wa Uturuki waliouawa na makomando wa Israel kwenye Mavi Marmara, meli iliyokuwa ikipeleka misaada Gaza, mwaka 2010. Rafiki wawili wa Marekani walikuwa hawasemezani kwa karibu miaka mitatu.

Septemba 14, 2016 ukasainiwa mkataba mpya, dola bilioni 38 kwa miaka 10. Siku 100 baadaye, Desemba 23, Azimio 2334 likapigiwa kura New York. Nchi 14 ziliunga mkono. Marekani, kupitia Balozi Samantha Power, ikajizuia, na azimio likapita. Kifungu chake cha kwanza hakikusema "kuendelea". Kilisema kuanzishwa kwenyewe kwa makazi hayo katika ardhi iliyokaliwa tangu 1967, Yerusalemu Mashariki ikiwemo, hakuna uhalali wa kisheria. Miaka saba na nusu ilikuwa imepita tangu Cairo.