Hasira Ina Macho: Maongezi na Wazee wa Nyumba Kumi, Kisumu

Wazee wetu, akina mama, viongozi wa kanisa, asanteni kwa kufika.

Kesi ya mke kupigwa ikiletwa barazani, neno la kwanza huwa "alipandwa na hasira". Hebu tulipime. Mchana foromani alimtukana mtu huyu pale mjengoni, akanyamaza. Sokoni Kibuye matatu ikampandishia nauli, akalipa. Jioni anampiga mkewe, tena mgongoni na mapajani, pale nguo inapofunika. Jirani akibisha mlango, anapoa papo hapo. Hasira hiyo ina macho: inamjua wa kupigwa, inajua wapi, na inajua wakati wa kuacha. Pombe humpa ujasiri na kisingizio, basi.

Kuna ugomvi wa kawaida, wote wawili wanapaza sauti na hakuna anayemwogopa mwenzake. Hao wafundishwe kutua. Anayehisi damu inachemka aseme, "natoka, narudi saa mbili," atembee nusu saa, asipitie chang'aa, na arudi saa aliyoitaja. Hili huharibika akitembea huku anayarudia matusi moyoni, au akinuna siku tatu. Huko ni kumwadhibu mwenzake.

Lakini kuna nyumba ambayo mmoja anaishi kwa woga. Simu yake inakaguliwa, pesa za soko zinahesabiwa, kwao haruhusiwi kwenda. Hapo kutua hakusaidii kitu. Nawasihi, msiwaketishe pamoja. Ukweli atakaousema mbele yenu ataulipia usiku. Msikilizeni peke yake, wala msimuulize alikosa nini. Muulizeni: amewahi kukukaba koo? Ametishia kukuua? Aliyekabwa anaweza kufa baadaye hata bila alama shingoni, kwa hiyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Akitaka kuondoka, iwe siri, maana kuondoka ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli vikae kwa mtu anayemwamini.

Kituo cha polisi adai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha. Kama alibakwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze kabla ya saa 72 kupita. Simu ya 1195, ya msaada kwa wanaodhulumiwa, ni ya bure. Sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu kuomba mahakama imkataze mume kumkaribia, na akivunja amri hiyo anashtakiwa. Faini ya mbuzi inayotozwa barazani haina nguvu hiyo. Mzee atakayemsindikiza asimsemee. Mama aeleze mwenyewe.