Kipimo Kimoja Kinapoteka Kundi Zima: Ukadiriaji Imara wa Mchanganyiko wa Migawanyo ya Kawaida

Mabibi na mabwana, mwaka 1894 Karl Pearson alichukua vipimo vya kaa 1,000 wa Ghuba ya Naples, vilivyokusanywa na Walter Weldon, akaona kwamba mchoro wa uwiano wa paji la uso kwa urefu wa mwili umeegemea upande mmoja, akauliza iwapo jamii mbili za kaa zilikuwa zimechangamana humo, kila moja ikiwa na mgawanyo wake wa kawaida, yaani ule wenye umbo la kengele. Ili kupata jibu alilazimika kutatua mlinganyo wa daraja la 9 bila kompyuta, kazi ambayo sidhani kama kuna aliyemo humu ambaye angeikubali.

Njia yake ilitegemea momenti, yaani wastani wa vipimo vilivyopandishwa kwenye vipeo, hadi ile ya 5, na kipimo kinapopandishwa kwenye kipeo cha 5, nukta moja ya desimali iliyokosewa, 0.6 ikaandikwa 6, hufunika mamia ya vipimo sahihi.

Algoriti ya EM, inayokadiria makundi kwa kurudiarudia hatua mbili na iliyoelezwa na Dempster, Laird na Rubin mwaka 1977, ilirahisisha hesabu bila kuondoa hatari hiyo. Katika mgawanyo mmoja wa kawaida, kipimo kilichojitenga huuvuta wastani; katika mchanganyiko hufanya baya zaidi, kwani huweza kuliteka kundi zima likawa lake peke yake, na jamii mbili za kweli zikalazimika kubanana katika kundi lililobaki. Isitoshe, mtawanyiko wa kundi hilo lililotekwa unaposhuka kuelekea sifuri, uwezekano, yaani alama ya jinsi jibu linavyolingana na vipimo, hupanda bila kikomo, kwa hiyo programu huweza kulisifu jibu bovu kuliko yote.

Wengi hukimbilia migawanyo ya t yenye mikia mizito, yaani inayovumilia zaidi vipimo vya mbali kuliko ule wa kawaida. Inasaidia kwa makosa ya kadiri, lakini Christian Hennig alionyesha mwaka 2004 kwamba, idadi ya makundi ikiwa imewekwa, kipimo kimoja cha mbali mno bado chatosha kuharibu kundi moja.

Binafsi naegemea njia ya TCLUST ya mwaka 2008, ambayo kila mzunguko hutupa sehemu fulani ya vipimo visivyoelekea kutoka kundi lolote, na papo hapo huwekea kikomo uwiano kati ya mtawanyiko mkubwa na mdogo. Masharti haya mawili hayatenganishiki: ukitupa bila kikomo, makundi bado yatajikunja juu ya nukta chache. Ugumu umo katika kuchagua kiasi cha kutupa, maana ukiweka asilimia 5 huku jamii ya kweli ikiwa asilimia 3 tu, yaweza kutoweka yote. Ndiyo maana napendekeza kujaribu viwango kadhaa na kuvikagua vilivyotupwa pamoja na aliyevikusanya.