Wakimbizi wa Poland na Hofu ya Maofisa wa Tanganyika

Mabibi na mabwana,

Maofisa wa Kiingereza waliotakiwa mwaka 1942 kuwapokea Wapoland nchini Tanganyika hawakuhangaishwa na chakula na malazi tu. Kwa maoni yangu, kilichowasumbua zaidi ni hadhi. Watu hao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na dola ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakatupwa Siberia na Kazakhstan, hadi mapatano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Poland na Wasovieti yalipowafungulia mlango, nao wakavuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran pamoja na jeshi la Wapoland lililoongozwa na Jenerali Anders. Wanaume wenye nguvu walibaki jeshini, hivyo waliofika kwetu wengi wao walikuwa wanawake na watoto, na wengi walitoka katika familia za wakulima.

Hapo ndipo penye uzito. Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya dhana kwamba kila Mzungu ni bwana, sasa Mzungu fukara anayeshika jembe angewekwa wapi Mwafrika asimwone? Jibu lao lilikuwa makambi yaliyotengwa na miji: Tengeru karibu na Arusha, iliyokusanya takriban watu 5,000, kisha Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na kule Uganda, Masindi na Koja. Kazi nzito za kambini waliajiriwa Waafrika. Hata hivyo, na hili hunichekesha kidogo, nyumba walizopewa wageni hao wa Tengeru zilikuwa za msonge, kuta zimepakwa chokaa na paa zimeezekwa nyasi.

Gharama zilibebwa na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, kwa mkopo wa Uingereza, na makoloni yalikubali kwa kuelewa kwamba vita vikiisha wageni wataondoka. Julai 1945 Uingereza ikaacha kuitambua serikali hiyo, huku makwao wengi kukiwa kumemegwa na kutiwa ndani ya mipaka ya Kisovieti, kwa hiyo wakakataa kurudi. Maofisa hawakulegeza msimamo: ruhusa ya kubaki walipewa wachache, hasa wenye ajira au uwezo wa kujitegemea, na waliosalia wakatafutiwa nafasi Uingereza, Kanada na Australia, shughuli iliyoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.