Msikipake Rangi Kikasahau Kilikotoka

Ndugu zangu, wanangu, na nyie mliotoka Moshi alfajiri, poleni na safari.

Mlionisikia mwaka jana mnajua nitasimamia wapi. Nitasimama palepale: tukiunda sanaa kwa vitu vilivyotupwa, tusifiche kwa rangi vilikotoka. Nalirudia, maana bado tunapuliza rangi.

Nilipita karakana moja hapa Arusha. Kijana amechomelea simba kwa vyuma chakavu vya bodaboda: manyoya ya shingo ni minyororo, macho ni beringi, kucha ni plagi. Nikamzunguka mara tatu. Grisi ilikuwa bado imeganda kwenye minyororo. Ungeweza kuhesabu abiria waliobebwa. Wiki iliyofuata nikarudi na mwenzangu nimwonyeshe. Simba kapuliziwa rangi ya dhahabu, kichwa hadi mkia. Mnyororo huuoni, plagi huioni. Niliumia, nasema kweli.

Sasa nisikilizeni habari ya Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha 1992, silaha zikabaki mikononi mwa watu, nyingine zimefukiwa ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la kule, Askofu Dinis Sengulane akiwa mbele, likaanza kuzikusanya: lete bunduki, upewe cherehani, baiskeli au jembe. Bunduki zikakatwakatwa, vipande wakapewa wasanii. Mmoja wao ni Cristóvão Canhavato, wanamwita Kester. Ndugu zake wawili walipoteza miguu katika vita ile. Mwaka 2001 akaunganisha vile vipande vikawa kiti cha enzi, na leo kiko British Museum, London.

Miguu ya kiti ni bunduki, mikono ni bunduki, egemeo ni bunduki. Hakuna hata moja iliyoundwa Afrika. Mtu anayejua silaha anasimama mbele ya kile kiti na kusoma nchi moja baada ya nyingine, nani alituletea nini. Na egemeo lake, hapo ndipo ninapowataka: juu kuna vitako viwili vya bunduki kuukuu aina ya G3. Kitako kina matundu ya skrubu, na alama pale ulipofungwa mkanda wa begani. Matundu yamekuwa macho, alama imekuwa mdomo, na uso unatabasamu. Kester hakulichonga tabasamu lile. Alilikuta. Kazi yake ilikuwa kuliona, halafu kuuzuia mkono wake usiliharibu. Angepuliza dhahabu, tungebaki na kiti tu.

Najua kuna anayesema moyoni, mwalimu, mtalii hataki kutu, na mimi nina ada ya kulipa. Nimejibiwa hivyo miaka yote. Kutu ipige brashi ya waya, kisha pitisha vanishi isiyo na rangi, nguo ya mteja haitachafuka. Nani amekukataza? Dhahabu yako haikuondoa kutu, iliondoa bodaboda! Hebu mtazameni anayekata katambuga. Kachukua tairi, kalifanya kiatu, na wala hakuficha kuwa ni tairi. Mzee wa Kimaasai akipita kwenye vumbi anaacha alama ya gari. Fundi yule hajawahi kuitwa msanii, na hilo nalo linanikera, lakini tuliache.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka: El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 anachukua vizibo vya chupa za pombe kali, anavibonda, anavikunja, anavishona kwa waya wa shaba mpaka vinaning'inia ukutani kama kitambaa cha kifalme. Majina ya vinywaji bado yanasomeka, nawe unakumbuka pombe ile iliingia pwani zetu pamoja na biashara gani: ya watumwa. Dhahabu inayong'aa pale ni ya vizibo vyenyewe. Mwaka 2015, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote.

Ya Picasso, msanii yule Mhispania, aliyeunganisha kiti na usukani wa baiskeli mwaka 1942 vikawa kichwa cha fahali, nitawaambia siku nyingine.

Mlioleta vitu vyenu, vileteni hapa mbele. Yule mwenye sufuria lililotoboka aanze. Usilifute masizi, mama, lilete hivyohivyo.