Kabla Hujanunua: Ichunguze Kompyuta kwa Programu Huria Tupu

Usitoe pesa kwanza. Katika video hii tunaichunguza kompyuta ikiwa bado mkononi mwa muuzaji, tujue kama itafanya kazi kwa programu huria tupu, bila hata faili moja lenye msimbo uliofichwa.

Andaa flashi yenye Trisquel, mfumo endeshi wa programu huria tupu. Keneli yake (kiini cha mfumo) ni Linux-libre, yaani Linux iliyoondolewa kila kipande kisicho huria. Debian, mfumo mwingine wa Linux, naipenda, ila tangu toleo la 12 la mwaka 2023 flashi yake ya kusakinishia huja na fimwea (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya chipu) zisizo huria, kwa hiyo kila kitu kinaweza kuwaka nawe usijue kimewashwa na nini. Kwa kazi ya leo tunataka mfumo mkali.

Chomeka flashi, washa mashine, ingia kwenye menyu ya kuchagua pa kuanzia. Mara nyingi ni F12. Nyingine F9 au Esc. Chagua kujaribu bila kusakinisha. Diski haiguswi, kwa hiyo mwenye mali asiwe na wasiwasi.

Imewaka? Fungua tominali, dirisha la kuandikia amri, andika:

lspci -nn

Utapata orodha ya vifaa vya ndani. Tazama mabano yenye namba mbili zilizotenganishwa na nukta mbili. Ya kwanza ni kampuni: 8086 ni Intel, 1002 ni AMD, 10de ni Nvidia, 168c ni Atheros. Ya pili ni chipu yenyewe. Amini namba hizi kuliko jina lililo kwenye boksi. Adapta ya TP-Link iitwayo TL-WN722N, toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros inayotufaa. Toleo la pili likaja na ya Realtek. Jina lilelile, kitu kingine kabisa.

Sasa Wi-Fi, maana hapa ndipo wengi hukwama. Chipu nyingi za Wi-Fi haziamki mpaka mfumo uzipakie fimwea, na watengenezaji wengi hawatoi msimbo wake. Kadi za Wi-Fi za Intel zimo humo, kwa hiyo usishangae zikinyamaza. Zinazofaa ni za Atheros zinazotumia draiva (programu ya kukiendesha kifaa) ya ath9k, kama AR9280: hazidai fimwea yoyote. Ya USB ni AR9271. Hiyo inadai fimwea, lakini msimbo wake uko wazi. Ukiandika lsusb utaiona kama 0cf3:9271. Kasi yake ni ya Wi-Fi 4, siyo ya kujivunia leo, ila kwa kazi za kawaida inatosha.

Kisha andika:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ukikuta maneno “Missing Free firmware”, soma mstari huo vizuri. Kuna kifaa kinachodai kisichoweza kupewa, na jina la draiva yake liko hapohapo.

Upande wa michoro, chipu za Intel zilizo ndani ya prosesa za miaka iliyopita huwa hazisumbui. Kadi za AMD bila fimwea utaona picha, lakini kasi ya 3D sahau. Nvidia, kuanzia GTX 900, chipu inataka fimwea iliyosainiwa na kampuni yenyewe, kwa hiyo waandishi wa draiva huria ya Nouveau hawawezi kuiandikia ya kwao. Mimi hizo naziacha dukani.

Jaribu pia sauti, kamera, na kuilaza mashine kisha kuiamsha. Haichukui muda.

Kama hutaki kazi yote hii, Free Software Foundation ina alama ya Respects Your Freedom kwa vifaa ilivyovikagua, na tovuti ya h-node huorodhesha chipu kwa namba hizihizi ulizozisoma. Anayetaka hata BIOS, programu inayoiwasha mashine kabla ya mfumo, iwe huria atafute laptopu ya ThinkPad X200 ya mwaka 2008, inayokubali Libreboot, mbadala huria wa BIOS. Lakini hiyo inataka kufungua mashine na kifaa cha kuandikia chipu. Tuiache kwa leo.

Na kama kilichogoma ni Wi-Fi peke yake, usiikatae mashine. Omba upunguziwe bei, ununue adapta ya AR9271. Usikimbilie kubadilisha kadi ya ndani, kwa sababu baadhi ya laptopu zina BIOS inayokataa kuwaka ikikuta kadi ambayo haimo kwenye orodha yake.