Neno Lililoondolewa Mchezoni

Walimu wangu, wanafunzi, na wazee wangu mliofunga safari kutoka Bombo, hamjambo nyote. Nashukuru tumekubaliana kuzungumza Kiswahili, na hapa Kampala jambo hilo si dogo. Bibi yangu mzaa mama alipokuwa akisikia Kiswahili nje usiku, alizima taa kwanza, ndipo akauliza ni nani. Kwake ilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, lugha ya "toa kitambulisho" na "lala chini". Leo nasimama kuzungumzia sanaa na uhuru kwa lugha hiyo hiyo, na yeye ndiye ninayemkumbuka kwanza.

Nimeombwa nieleze jinsi sanaa inavyoakisi demokrasia na haki za binadamu. Tumezoea kusema sanaa ni kioo cha jamii. Mimi msemo huo haunitoshi. Kioo hakikamatwi. Hakuna aliyewahi kukifuata kazini na kukipakia kwenye gari.

Byron Kawadwa alikamatwa. Alikuwa mkurugenzi wa jumba la taifa la maigizo, lile tunalolipita kila siku pale mjini, lililofunguliwa mwaka 1959. Mchezo wake wa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, ulisimulia ugomvi wa madaraka, na watazamaji wakaona ndani yake mambo ya 1966, mwaka ambao jeshi la Rais Obote liliivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo. Mwaka 1977 mchezo huo huo uliiwakilisha Uganda kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC, mjini Lagos. Kawadwa akarudi nyumbani, watu wa usalama wa Idi Amin wakamchukua, akauawa. Ni mwaka ule ule alipouawa Askofu Mkuu Janani Luwum.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Ndilo jambo linaloniumiza katika habari ya Kawadwa. Msanii hufumba akidhani mwananchi atalifumbua na mtawala atapitwa. Lakini mtawala naye ana masikio, na mwenye hofu husikia hata lisilosemwa.

Mwandishi wa michezo ya kuigiza Robert Serumaga alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1974, wakati maiti zikitupwa mitoni na vichakani, alitunga Amayirikiti. Jina hilo ni la miti ile yenye maua mekundu kama moto. Katika mchezo ule maneno karibu yote ameyaondoa, imebaki miili ya waigizaji: inakimbia, inaanguka, inabebwa. Hebu fikirini mwandishi aliyeishi kwa maneno, anayaweka chini kwa sababu kila neno linaweza kumtoa mtu roho. Ukitaka kujua nchi ilikuwa na uhuru kiasi gani mwaka ule, tazama alichokiacha. Mimi nausoma ukimya ule kama ushahidi mahakamani.

Msidhani hayo ni ya enzi za Amin tu. Januari 2022 mwandishi wa riwaya Kakwenza Rukirabashaija alishtakiwa kwa sababu ya maneno aliyoyaandika Twitter kuhusu rais na mwanawe. Alipoachiwa kwa dhamana alionyesha makovu mgongoni, akasema aliteswa, kisha akaikimbia nchi. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kile cha mawasiliano ya kuudhi alichoshtakiwa nacho. Nilifurahi, ninakiri. Lakini Ibara ya 29 ya Katiba yetu ya 1995, inayompa kila mtu uhuru wa kusema, ilikuwepo muda wote huo, na mgongo wa mtu ulikuwa umekwisha kuumizwa.

Wengi husifia ustadi wa mafumbo. Mimi pia nayapenda, nimelelewa nayo. Ila fumbo la kupamba neno na fumbo la kuokoa maisha ni vitu viwili, na tusiyachanganye tukaanza kuishukuru hofu kwa kutufundisha ufundi.

Nimalizie na jambo lililonikuta mwenyewe. Kikundi chetu kilikuwa na mchezo mfupi wa sokoni, kwa Kiswahili, juu ya bomba la maji la mtaa lililofungwa kufuli na kiongozi anayejiuzia maji. Afisa mmoja alitaka kuyaona maandishi kabla. Akapiga mstari kwenye neno moja: chemani, yaani mwenyekiti. Akasema tukilitamka, hakuna mchezo. Tulikesha tukibishana. Mwisho tukaiacha nafasi yake wazi.

Siku yenyewe, kijana wetu akafika kwenye bomba, akashika kufuli, akauliza, "Funguo anazo nani? Anazo..." Akanyamaza, kama tulivyokubaliana. Afisa alikuwa amesimama kando ya mabanda ya nyanya. Kwanza sauti moja ikatoka nyuma, ya mama muuza matoke, umri wa bibi yangu: "Chemani!" Kisha mwingine, kisha soko zima, wanapiga debe na masinia, wanalirudia, na wengi wao hata Kiswahili hawakijui vizuri. Kijana wetu alibaki vile vile, mdomo wazi, mkono kwenye kufuli, akiwasubiri wamalize.