Baba Mkubwa Hayumo Kwenye Grupu

Mwakeye wana Kigoma, na nyie wa kwingine mnaonifuata, habari za huko. Hizo kelele mnazosikia ni mashine, niko chumba cha kufulia, chini kabisa ya ghorofa tunaloishi hapa Malmö, Uswidi. Mashine ni za jengo zima, unaweka zamu kwa simu. Yangu inaisha saa tatu usiku, kwa hiyo leo sitawachosha.

Kuna jambo limeninyima usingizi wiki hii. Tunapenda kusema simu imetuleta karibu, na ni kweli, harusi ya Ujiji naiangalia nikiwa kitandani. Ila simu hiyo hiyo imepandisha watu na kushusha watu, humo humo ndani ya ukoo mmoja. Mimi ni wa waliopandishwa.

Iko hivi. Mdogo wangu wa kike, mtoto wa baba mdogo, kaposwa. Zamani posa ilikuwa na njia yake: mnakwenda Kasulu kwa baba mkubwa, anakaa kwenye kile kigoda chake, anawasikiliza wote, na wewe kijana unasema ukiulizwa. Sasa tuna grupu la WhatsApp, tuko watu 43. Posa imejadiliwa siku nne. Voisi noti za dakika tano tano, vidole gumba, mtu katuma kikatuni cha mbuzi anacheza. Mahari imepangwa, kamati imeundwa, mweka hazina kapatikana. Siku ya tano ndipo shangazi mmoja akaandika: "Hivi baba mkubwa kaambiwa?"

Tiki za bluu zikajaa. Jibu, hakuna.

Baba mkubwa ana kitochi. Kimefungwa mpira kiunoni ili betri isichomoke. Kinapiga, kinapokea, na usiku kinammulikia njia ya chooni. Mambo ya grupu hakiyajui.

Na mwenyekiti wa kamati mnamjua ni nani? Mimi hapa. Nina miaka 34, sijui hata mbuzi Kasulu anauzwaje siku hizi. Lakini intaneti ninayo usiku na mchana, na mchango wangu ulisomeka wa kwanza, tena ulitoka kwenye krona, hela ya huku. Hakuna aliyesema "huyu ana hela, atuongoze." Nilishtukia tu naitwa "mwenyekiti", na aibu yangu ni kwamba nilipenda.

Najua mtaandika hapo chini: mnunulieni simu ya kupangusa! Nami nilisema hivyo. Mjukuu wake anayeishi naye ndiye aliyenieleza: laini anayotumia babu si yake, imesajiliwa kwa jina la huyo mjukuu. Mnakumbuka ule usajili wa alama za vidole wa 2019, mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Bila namba ya kitambulisho cha taifa, laini inafungwa. Na sisi wa mpakani, Kasulu, Kibondo, Buhigwe, maswali yake tunayajua. Babu yako kazaliwa wapi? Kazikwa wapi? Una hakika hamkuvuka kutoka Burundi? Baba mkubwa alikwenda mara mbili, ya tatu akasema magoti yamegoma. Basi hana namba, kwa hiyo hana laini, kwa hiyo hela tukimtumia inaingia kwa mjukuu, na mjukuu ndiye anayejua leo babu ana hela au hana. Ni kijana mzuri, simsemi vibaya. Ila mzee wa miaka ile anaomba hela yake kwa mtoto.

Mama yangu pale Ujiji afadhali, laini ni yake. Lakini namba ya siri anamtajia wakala kwa sauti: "Si mwaka aliozaliwa huyu wa Ulaya!" Foleni nzima inacheka. Kaibadilisha, msianze.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Babu yangu, baba yake baba mkubwa, alikuwa manamba. Vijana huenda hamjui. Enzi za Mwingereza Kigoma ilikuwa mahali pa kuchukua vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Waha wengi wakapandishwa treni kwenda kukata mkonge Tanga. Ukifika unapewa namba, unaitwa kwa namba, neno manamba limetoka hapo. Babu alipewa namba bila kuombwa ushahidi wa ukoo wake. Mwanawe leo anaiomba namba, anaulizwa babake alizaliwa wapi.

Nisijifanye mjuaji. Nilipofika huku, baba mkubwa nilikuwa mimi. Hapa bila namba yao, wanaiita personnummer, huna BankID, ile ya kwenye simu unayojitambulishia benki, kodi, hospitali. Hata Swish, ya kutumiana pesa, hupati. Hiyo Swish imeanza 2012, sisi M-Pesa tunayo tangu 2008, tuliwatangulia, lakini nani anajali. Wiki yangu ya kwanza nilipanda basi na noti ya krona mia mkononi, ina picha ya Greta Garbo, haina hata mkunjo. Dereva akatikisa kichwa. Basi halipokei noti. Nikashuka, nikatembea kwenye baridi na hela yangu mfukoni. Kwa miezi nilikuwa nampa rafiki keshi, ananilipia kwa simu yake. Siku tukinuniana, nashinda nyumbani. Namba ilipotoka, milango yote ikafunguka, na ndani ya wiki moja nikasahau kama iliwahi kufungwa.

Jana nikapiga, simu ya kawaida, siyo ya intaneti. Akapokea mjukuu, akampelekea shambani, nasikia kabisa majani ya migomba.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nasikia tumeoza."

Nikasema hapana, tunakusubiri wewe. Uongo mtupu, nina risiti za ukumbi. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza taratibu: "Huyo kijana, babu yake anaitwa nani?"

Watu 43, siku nne, hakuna aliyeuliza. Tunajua kijana anafanya kazi gani, anaendesha gari gani, tumeshapekua picha zake zote mtandaoni. Babu yake hatumjui.

Nikamwambia nitauliza. Akasema, "Uliza, nitakuwepo tu."

Nikaandika kwenye grupu: kikao Kasulu, Jumamosi ijayo, kwa baba mkubwa, sisi wa mbali tuwekwe kwenye spika juu ya kigoda, tusikilize. Mpaka sasa wamesoma wote. Wamejibu sita. Mmoja kauliza nauli atatoa nani, na wote wananitazama mimi. Nimesema nitatoa, lakini uenyekiti nimeuacha, sijui kama...

Eeh, mashine hiyo imelia. Ngoja nitoe nguo, mwenye zamu ameshasimama mlangoni.